Kuoka Nyama ya Ng'ombe Mpaka Ilainike: Ulaini, Usalama na Lishe katika Jiko la Pwani

Kigombe ni kijiji cha wavuvi kilichopo ufukweni katika Wilaya ya Muheza, kando ya barabara inayotoka Tanga kwenda Pangani. Kitoweo cha kila siku hapo ni samaki. Nyama ya ng'ombe huja kwa nafasi zake: harusi, Maulidi, hitima, na hasa Idi ya Kuchinja, ambapo kaya nyingi hupokea fungu la nyama kwa siku moja. Ndipo hujitokeza tatizo ambalo familia nyingi za pwani zinalijua. Nyama iliyosubiriwa kwa hamu huwa ngumu. Vijana huishinda kwa nguvu za meno yao, lakini mzee aliyepoteza magego huishia kunywa mchuzi. Mtoto wa miezi minane hupewa wali uliolowekwa katika mchuzi huo huo. Mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake ni pungufu, na kwamba ale nyama, hutafuna vipande viwili na kuiacha sahani.

Mchuzi hubeba ladha, chumvi, na sehemu ya vitamini zinazoyeyuka katika maji. Sehemu kubwa ya protini na madini ya chuma hubaki ndani ya nyama yenyewe. Kwa hiyo, watu watatu wanaoihitaji nyama zaidi katika kaya ndio wanaoikosa, ingawa imepikwa nyumbani mwao. Mtoa huduma za afya anayemwambia mgonjwa "kula nyama" bila kuzungumzia namna ya kuipika ametoa nusu ya ushauri. Makala haya yanaeleza nusu ya pili: kwa nini nyama huwa ngumu, jinsi ya kuioka mpaka iachane kwa uma, na jinsi ya kuilinda isigeuke chanzo cha maradhi.

Kwa nini nyama ya ng'ombe huwa ngumu

Nyama ni misuli. Misuli imeundwa na nyuzi nyembamba zilizofungwa pamoja katika mafungu, na kila fungu limezungukwa na utando mweupe unaoliunganisha na mafungu mengine na hatimaye na mfupa. Utando huo umejengwa kwa protini iitwayo kolajeni. Viungo vinavyofanya kazi nyingi, kama vile miguu, shingo, bega na kidari, huwa na kolajeni nyingi. Sarara, yaani nyama laini ya mgongoni, huwa na kolajeni kidogo kwa kuwa misuli yake haifanyi kazi nzito.

Umri nao una athari. Kadiri mnyama anavyokua, kolajeni yake hujifunga kwa viungo vya kikemikali vilivyo imara zaidi. Ng'ombe wa kuchinjwa kwa ibada ya Idi hutakiwa awe ametimiza miaka 2, na ng'ombe wengi wa kienyeji wenye nundu huchinjwa wakiwa na umri mkubwa zaidi, baada ya kutembea masafa marefu kutafuta malisho na maji. Misuli ya mnyama wa namna hiyo ina ladha nzuri, lakini haiwezi kulainika kwa moto wa dakika 30.

Hapa ndipo mazoea ya upishi wa samaki humpoteza mpishi. Samaki ana kolajeni chache sana, tena huyeyuka kwa joto dogo, kwa kuwa mwili wake huelea majini na hauhitaji tishu ngumu za kuubeba. Ndiyo maana changu huiva kwa dakika chache, na akizidishiwa moto hukauka. Kolajeni ya ng'ombe huanza kujikunja joto la nyama likifikia takribani digrii 60 hadi 65 za Selsiasi, na mkunjo huo hukamua maji kutoka katika nyuzi. Nyama ikiondolewa motoni katika hatua hiyo huwa kavu na ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi. Mpishi asiyejua sababu hudhani ameipika kupita kiasi, kumbe hajaipika vya kutosha. Joto likiendelea kwa saa kadhaa, juu ya digrii 70, na kukiwa na unyevu, kolajeni hugeuka kuwa jelatini. Jelatini ni laini na huteleza mdomoni. Ndiyo inayoufanya mchuzi wa miguu ya ng'ombe ugande ukipoa.

Kanuni ya kwanza ni hii, basi: vipande vyenye kolajeni nyingi huhitaji joto la wastani, unyevu na muda mrefu. Moto mkali hauwezi kushika nafasi ya muda. Huiunguza nyama nje na kuikausha ndani, huku utando mweupe ukibaki vilevile.

Nyama ya siku hiyo hiyo

Sababu nyingine ya ugumu ni muda uliopita tangu mnyama achinjwe. Baada ya kuchinjwa, misuli huishiwa nishati, nyuzi zake hujifunga, na ndani ya saa chache nyama hukakamaa. Ukakamavu huo hupungua taratibu kadiri vimeng'enya vya asili vya nyama vinavyozikata nyuzi. Katika nchi zenye machinjio yenye vyumba vya baridi, nyama ya ng'ombe huachwa katika digrii 0 hadi 4 kwa wiki moja au mbili kabla ya kuuzwa. Katika joto la pwani ya Tanga, kuiacha nyama ining'inie bila baridi ni kuwalisha bakteria.

Kaya yenye jokofu inaweza kuigawa nyama katika mafungu madogo, kuifunika, na kuiweka katika sehemu ya baridi ya kawaida kwa siku 2 au 3 kabla ya kuioka. Haifai kuitia nyama ambayo bado ina joto la mwili moja kwa moja katika friza, kwa sababu baridi kali ya ghafla hukunja nyuzi zaidi na kuongeza ugumu. Kaya isiyo na jokofu iipike siku hiyo hiyo, lakini kwa muda mrefu. Saa nne za moto wa taratibu hufidia sehemu kubwa ya kile ambacho baridi ingekifanya.

Njia za mkato na madhara yake

Kwa sababu mkaa ni ghali na wageni wana njaa, wapishi wametafuta njia za kuharakisha kazi. Baadhi ya njia hizo ni salama, nyingine ni hatari.

Papai bichi ni la zamani na lina msingi wa kisayansi. Utomvu wake una kimeng'enya kiitwacho papaini kinachokata protini. Kijiko kimoja cha papai bichi lililosagwa, kikipakwa juu ya kilo moja ya nyama kwa nusu saa, kinatosha. Ikizidi, uso wa nyama huwa kama uji huku kiini kikibaki kigumu, kwa kuwa papaini haipenyi mbali. Kimeng'enya hicho huharibiwa na joto la upishi, kwa hiyo hakina madhara kwa mlaji wa kawaida. Siki, ndimu, ukwaju na maziwa ya mgando husaidia kidogo, hasa kwa ladha.

Magadi hulainisha nyama, lakini huongeza sodiamu katika chakula. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo, magadi ni chumvi iliyofichika. Mgonjwa anaweza kuapa kwa ukweli kwamba amepunguza chumvi, huku akiila katika nyama.

Njia ya hatari ni ile ya kutia vidonge vya parasetamoli katika chungu. Habari za wapishi wanaofanya hivyo zimesikika katika nchi mbalimbali za Afrika. Parasetamoli ni dawa ya maumivu na homa, si kiungo cha chakula. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Mlaji wa nyama iliyotiwa vidonge hajui amemeza kiasi gani. Huenda asubuhi alikwishakunywa dozi yake ya homa, au huenda ini lake limedhoofishwa na homa ya ini au pombe. Kuchemsha si njia ya kuaminika ya kuiondoa dawa hiyo katika chakula. Dozi inayozidi kiwango huharibu ini, na katika siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuonyesha dalili chache tu, kama kichefuchefu na kutapika, au asionyeshe yoyote. Dawa ya kulinda ini hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Anayeshuku kwamba amekula chakula cha namna hiyo aende kituo cha afya bila kusubiri macho yageuke ya manjano.

Oveni, na desturi ya kupalia

Oveni inafaa kwa kazi hii kwa sababu joto lake huizunguka nyama pande zote kwa usawa. Sufuria iliyo juu ya jiko hupata joto kwa chini tu, hivyo huungua kitako kabla ya nyama kuiva. Wenye oveni ya umeme au gesi hupanga joto kwa kitufe. Wasio nayo wasidhani kwamba uokaji hauwahusu. Jiko la pwani lina desturi ya kupalia: sufuria huwekwa juu ya makaa machache, ikafunikwa kwa mfuniko bapa, na makaa mengine yakawekwa juu ya mfuniko. Anayejua kupalia wali au kuoka keki kwa moto wa juu na chini tayari anayo oveni. Oveni za bati zinazotumia mkaa hufuata kanuni hiyo hiyo.

Moto wa mkaa una hatari moja isiyoonekana. Hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayozuia damu kubeba oksijeni. Uokaji wa saa nne katika chumba kilichofungwa unaweza kuua. Jiko liwe uani au barazani penye hewa, na lisiingizwe chumbani hata mvua ikinyesha. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa walio karibu na jiko ni dalili za kutoka nje mara moja.

Hatua za kuoka

Vipimo vifuatavyo ni vya kipande kizima cha kilo 2 cha bega, kidari au paja, kinachotosha watu 10 hivi.

1. Nyama ifutwe kwa kitambaa safi au karatasi badala ya kuoshwa kwa maji yanayoruka, kwa kuwa matone husambaza vimelea katika vyombo na mboga. Ubao na kisu vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kukatia kachumbari.

2. Nyama ipakwe kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili manga, bizari nyembamba na maji ya ndimu. Chumvi iwe kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kipande chote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi ambacho ni karibu sawa na kijiko hicho kimoja. Vidonge vya mchuzi vya dukani vina chumvi nyingi na havihitajiki hapa, kwa kuwa nyama inayookwa taratibu hutoa ladha yake yenyewe.

3. Nyama igeuzwe katika sufuria yenye mafuta kidogo na moto wa kutosha, dakika 3 au 4 kila upande, mpaka ipate rangi ya kahawia. Hatua hii ni ya ladha, wala haiilainishi nyama. Isiachwe iungue, kwa sababu sehemu nyeusi zilizoungua hubeba kemikali zinazohusishwa na saratani.

4. Vitunguu maji viwili vilivyokatwa vitandazwe chini ya nyama, kisha vimiminwe vikombe viwili vya maji, yaani nusu lita. Chombo kifunikwe kabisa. Mfuniko usioziba vizuri uwekewe foili au jani la mgomba chini yake. Maji hayo hayawezi kuzidi digrii 100, kwa hiyo huilinda nyama hata moto ukipanda kidogo.

5. Oveni iwekwe digrii 150, na nyama iokwe saa tatu na nusu hadi nne. Kwa moto wa kupalia, mpishi afunue mfuniko kila baada ya saa moja. Mapovu machache yanayopanda polepole ni ishara ya moto sahihi. Mchuzi ukichemka kwa fujo, makaa ya chini yapunguzwe. Ukitulia kabisa, ya juu yaongezwe. Maji yakipungua yaongezwe ya moto, si ya baridi.

6. Nyama imeiva pale uma unapoingia na kuzunguka bila upinzani. Kama uma unakwama, nyama haijamaliza safari yake, hivyo irudishwe motoni kwa nusu saa nyingine. Mwenye kipimajoto cha jikoni ataona kiini kimefika takribani digrii 90.

7. Baada ya kuepuliwa, nyama itulie dakika 15 ikiwa imefunikwa, kisha ikatwe kukingama na mwelekeo wa nyuzi. Mkato huo hufupisha kila uzi, na mlaji asiye na meno mengi huona tofauti papo hapo. Mafuta yanayoelea juu ya mchuzi yaenguliwe, na mchuzi umiminwe juu ya nyama ili vitamini zilizoyeyuka zisipotee.

Moto unaolainisha na unaokinga

Muda ule ule unaolainisha nyama ndio unaoua vimelea vingi. Joto la digrii 70 katika kiini huua bakteria wengi, na pia viluwiluwi vya minyoo tegu vinavyokaa katika nyama ya ng'ombe na kukua kuwa minyoo mirefu katika utumbo wa mwanadamu. Nyama inayochomwa haraka mpaka nje ikawa nyeusi huku ndani ikibaki na damu haina kinga hiyo.

Moto, hata hivyo, hauponyi kila kosa. Mbegu za kimeta hustahimili upishi wa kawaida, na mwenye kuchuna mnyama mgonjwa huambukizwa kabla chungu hakijatengwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe wala asichunwe, bali taarifa itolewe kwa afisa mifugo. Nyama inunuliwe ikiwa na muhuri wa mkaguzi. Katika machinjo ya nyumbani ya Idi, mkaguzi aitwe mapema.

Kosa la pili hutokea baada ya nyama kuiva. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens hutengeneza mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Sufuria kubwa ya nyama ikiachwa ipoe polepole usiku kucha, mbegu hizo huchipua na kuongezeka. Walaji wa kesho yake hupatwa na maumivu ya tumbo na kuhara ndani ya saa 6 hadi 24. Katika shughuli za watu wengi, lawama huelekezwa kwa jicho baya au mpishi mchafu, wakati kosa lilikuwa ni saa za kungoja. Chakula kilichoiva kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kibaki motoni juu ya digrii 60, au kigawanywe katika vyombo vipana na vifupi na kuingizwa katika jokofu. Kikirudiwa, kichemke chote mpaka kitoe mvuke. Kaya isiyo na jokofu ioke kiasi kitakacholiwa siku hiyo, na ziada ipelekwe kwa jirani ikiwa ya moto.

Nani ale, na kwa kiasi gani

Gramu 100 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, iliyopikwa, hutoa takribani gramu 26 za protini na miligramu 2 hadi 3 za madini ya chuma, pamoja na zinki na vitamini B12. Chuma cha nyama hufyonzwa na mwili vizuri zaidi kuliko cha mimea, tena husaidia ufyonzwaji wa chuma cha maharage na mchicha vilivyo katika sahani hiyo hiyo. Mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Nyama ni msaada kwake, lakini haichukui nafasi ya vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki. Chai inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo, kwa sababu hupunguza ufyonzwaji wa chuma, hasa kile cha mimea.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kupewa nyama iliyookwa hivi, ikiwa imechambuliwa nyuzi, ikatwangwa na kulainishwa kwa mchuzi usio na chumvi wala pilipili. Fungu lake litengwe kabla ya kutiwa viungo, liokwe katika chombo kidogo kilichofunikwa pembeni. Njia hiyo hiyo inamfaa mzee asiye na meno. Mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa apimwe kwanza uwezo wake wa kumeza, kwani hata nyama laini inaweza kuingia njia ya hewa.

Kwa upande mwingine, nyama nyekundu haipaswi kuwa chakula cha kila siku kwa wingi. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri isizidi gramu 350 hadi 500 za nyama iliyopikwa kwa wiki. Mwenye jongo apunguze zaidi, na mgonjwa wa figo afuate kiwango cha protini alichopangiwa. Kwa mkaazi wa Kigombe, samaki na kunde zibaki kuwa msingi wa mlo, na nyama ya ng'ombe iwe nyongeza yenye thamani.

Hitimisho

Ugumu wa nyama si kasoro ya mnyama wala ya meno ya mlaji peke yake. Ni kolajeni ambayo haijapewa muda. Kipande cha bei nafuu cha bega, nusu lita ya maji, mfuniko unaoziba na saa nne za makaa machache hutoa chakula ambacho bibi, mjukuu na mjamzito wote watakila, bila magadi na bila kidonge. Mtoa huduma anapokutana na mgonjwa mwenye upungufu wa damu anayesema kwamba nyama ilipikwa nyumbani, amuulize ilikuwa kipande gani, ilikaa motoni muda gani, na yeye mwenyewe aliweza kula kiasi gani. Majibu hayo yataonyesha kama nyama ilifika tumboni mwake au iliishia sahanini.